Ekzosi Yetu Chini ya Gari la Mtu

Shibukawa, Gunma
Japani
30 Machi 2009

Mpendwa Dada Fusae,

Shikamoo. Hali yako, na hali ya shemeji Haruji? Goti lako linaendeleaje, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na mvua huko Brazili zimefika kwa wakati mwaka huu, au mahindi yamekauka tena? Sisi huku tuko wazima. Upepo wa mlima Akagi bado unatuchapa asubuhi, ingawa miplamu imeshachanua.

Binti yetu Chinatsu anakusalimu kutoka Sendai. Mimba yake inaendelea vizuri, ila anasema anatamani mandazi ya kuchoma ya huku kwetu, yale ya kupakwa rojo tamu la miso, na mume wake hajui hata pa kuyatafuta.

Sasa, dada, kama umesimama, kaa. Mimi mwenyewe nimekaa ndiyo naandika. Ni habari za mke wangu, wifi yako Tomoe. Hajafa wala haumwi. Sikiliza tu.

Kazi yangu unaijua. Tangu ujana wangu ninakagua magari ya watu: nashuka shimoni na tochi na nyundo ndogo, nagonga nati, napima taa, breki na kelele. Lisilofaa halirudi barabarani. Na vijana wa huku unawajua kwa wazimu wao. Wanachukua kigari cha kuendea sokoni, wanakiongezea nguvu, wanakishusha mpaka panya hapiti chini yake, wanakifungia ekzosi nene yenye kunguruma, kisha Jumapili wanakwenda kushindana na saa kwenye kiwanja cha resi kule nyuma ya mashamba ya viazi vya konnyaku. Siku ya ukaguzi wanarudisha vipuri vya kiwandani. Wakishapita, wanavivua. Mimi hukunja uso, lakini nakagua gari lililo mbele yangu, sikagui la jana.

Mwanzoni mwa mwezi liliingia gari jekundu. Chini yake nikaona ekzosi imebonyea ubavuni, na mahali pa kuning'inizia imefungwa waya wa shaba. Nikasema moyoni, kumbe si mimi peke yangu niliyegonga jiwe. Nikalipitisha.

Wiki iliyofuata likaingia jeusi. Dada! Kubonyea ni kule kule! Waya ni ule ule, umesokotwa kwa mkono wa kushoto kama ninavyosokota mimi! Ile ekzosi niliibonyeza mwenyewe siku ya Obon, sikukuu ya wafu wetu, nilipokuwa narudi nyuma pale makaburini kwa baba na mama, na waya niliufunga mwenyewe. Ilikuwa ekzosi ya kigari chetu cheupe, gari la Tomoe la kupelekea mboga kwenye kibanda chake.

Nikapanda juu mbio. Mwenye gari alikuwa jamaa mmoja anaitwa Karasawa, anafanya kazi kiwanda cha tambi.

"Ekzosi hii umeitoa wapi?"

"Ya kuazima, mkaguzi," akasema huku akiinama kwa adabu. "Sisi za kwetu tulishaziuza chuma chakavu. Wote tunaazima kwa Mama Tomoe."

"Tomoe yupi?"

"Kogure Tomoe, yule wa gari jeupe. Mkaguzi humjui? Kiwanjani hakuna asiyemjua. Pale kwenye kona ya mwisho anatukalisha wote!"

Mimi ndiye Kogure, naye hakujua. Tochi ikaniponyoka mkononi.

Kwenda kazini mimi hupanda treni, na tangu Obon sikuwa nimeingia katika gari lile. Jioni nilifika nyumbani, nikafungua mlango wake. Jamani! Viti vya nyuma havipo. Zulia halipo. Redio haipo. Amelinyonyoa kama kuku wa sikukuu, limebaki bati tupu. Kiti cha dereva kimekuwa kama bakuli, kina mikanda minne. Nilikaa chini palepale kwenye changarawe.

Nikamkuta jikoni anakata figili.

"Umewahi leo. Nikutilie chai?"

"Ekzosi yetu iko wapi?"

"Kwa Karasawa. Leo ilikuwa zamu yake."

"Zamu? Kuna zamu? Na viti?"

"Viko darini, nimevifunika shuka, karibu na sanduku la wanasesere wa Chinatsu. Usiwe na wasiwasi, havipati vumbi."

Tomoe aliuanza mchezo huu Chinatsu alipoolewa. Anasema alipeleka mboga kule upande wa mashamba, akasikia magari, akasimama kutazama. Akarudi tena. Wakamwambia na wewe jaribu, mama. Akaanza na matairi, akaja springi, akaja ekzosi ya kunguruma. Mimi nikiamini Jumapili alfajiri anawahi soko!

Na kuna aibu kubwa kuliko hiyo. Mwaka jana nilisimama kwenye kikao cha mtaa nikamlaumu mtoto wa mzee Iizuka, jirani yetu, kwa kelele za gari alfajiri ya Jumapili. Nilisema maneno mengi, nikataja mpaka malezi. Kumbe mwenye kelele ni mke wangu, na siku hiyo ndiye aliyekuwa anatumiminia chai! Ilibidi ninunue boksi la vitamutamu niende kuomba radhi. Mzee Iizuka akacheka mpaka akakohoa. "Bwana Kogure, sisi tulikuwa tunakuhurumia. Tulidhani unajua, ila unamwogopa."

Niliporudi nilimwambia Tomoe maneno makali. Nilimwambia mke wa mkaguzi hawezi kuwa ghala la vipuri vya kuwafichia watu makosa, na ukaguzi wa gari lake ulikuwa karibu. "Litakuja kama linavyokimbia, bila kubadilisha kitu. Likishindwa, viti vinashuka darini, na mchezo umekwisha."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema bila kupandisha sauti:

"Sawa, Baba Chinatsu. Litakuja kama lilivyo. Lakini nikuambie. Mama yako nimemwuguza mpaka tukamzika. Chinatsu nimemlea. Wewe bento lako la mchana halijachelewa hata siku moja. Hiki kimoja ni changu. Ukikiua nitakaa tu, niende wapi? Lakini nitakaa humu kama mgeni."

Dada, wewe ulikuwa mbali mama alipougua. Mimi nilikuwepo, na najua Tomoe alifanya nini. Nikaenda kuoga.

Alhamisi akaja. Nilimwomba mwenzangu Nagumo ashike nafasi yangu. Akarudi nyuma kama mtu niliyemwonyesha nyoka. "Mimi? Nimpime shemeji, kisha nile wapi tambi za udon za mwaka mpya? Mkeo, mpime mwenyewe."

Nikaweka kipimo cha kelele nyuma ya ekzosi. Akakanyaga mafuta. Mshale ukavuka mstari, kidogo tu, lakini ulivuka. Kituo kizima kilikuwa kinanitazama. Nikapiga muhuri wa kushindwa. Yeye akainama kama mteja yeyote, akasema, "Asante kwa kazi yako, mkaguzi," akaliondoa gari. Mimi niliona huzuni ambayo sikuwahi kuiona katika kazi hii, na chakula cha mchana sikukigusa.

Kabla hatujafunga, akarudi. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko. Walikuwa gereji ya ng'ambo ya barabara, yeye na Karasawa, wakitengeneza kizuia sauti cha kupachika ndani ya ekzosi. Nikapima. Mshale ukasimama chini ya mstari.

Nikashuka shimoni. Nitakuambia ukweli, niligonga kila nati kwa nguvu kuliko siku zote, na hata sasa sijui kama nilitaka nipate kosa au nikose. Hakuna iliyolegea. Na kila moja ilikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyeupe.

"Nani amekaza hizi?"

"Mimi," akajibu kutoka juu.

"Na rangi hii?"

"Nati ikisogea, mstari unaachana. Nione mapema kabla haijaniua."

Nikapiga muhuri wa kufaulu.

Jumamosi usiku Tomoe aliniambia kiti cha pembeni bado kipo. Basi jana nilikwenda naye kiwanjani. Nilivishwa kofia ngumu, nikafungwa mikanda kama mzigo wa posta. Dada, gari lile halikimbii, linaruka! Kona ya kwanza nilikanyaga breki isiyokuwepo. Ya pili nilimwita mama, yeye aliyelala kaburini. Ya mwisho nikafumba macho, na hapo ndipo nikasikia kicheko. Nikayafumbua.

Wewe unamjua Tomoe. Tangu aletwe nyumbani kama bibi harusi, akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Jana mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani, naye alikuwa anacheka mdomo wazi, kwa sauti, na mimi mume wake ndiyo mara ya kwanza kuuona uso ule.

Nisalimie shemeji Haruji, nisalimie Kazuko na watoto wake. Tomoe anakusalimu sana. Yuko nje chini ya gari, na amenikataza kukuambia, kwa hiyo hukusikia kwangu. Mababu wawalinde huko mliko, na goti lako lipone.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye moyo wake haujatulia,

Kogure Yoshinobu