Namba Moja wa Darasa la Saba

Jumatatu, 14 Julai

Zamu yangu wiki hii. Langoni tangu umande haujakauka, kalamu ya bluu mkononi. Kila anayefika namwandikia namba kiganjani. Wenye namba za mwisho wanajua kinachowasubiri.

Namba moja ni Mwantumu wa darasa la saba, kama kawaida. Sijawahi kumtangulia, na mimi nakaa hapa hapa nyumba ya walimu. Yeye anatoka kambini, kwa vibarua wa mkonge, mbali kweli. Nimemsifu mstarini mbele ya shule nzima. Nimewaambia wavivu wengine wamwige. Nimempa na kazi ya kugonga kengele, ile rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mkorosho. Kainamisha kichwa. Mtoto ana adabu.

Mbuzi wa jirani wamelala tena madarasani. Darasa la tano huwezi kukanyaga, vinyesi kila mahali. Darasa la saba pekee ndilo safi, limefagiliwa. Nidhamu hiyo. Fundi Hoza kaahidi kuleta milango Alhamisi. Nimeipigania milango hii tangu mwaka jana, hadi wenzangu wananiita Madam Milango. Waniite tu.

Alhamisi, 17 Julai

Milango imetiwa, madarasa yote. Komeo na kufuli. Mbao safi, fundi hakuiba hata kidogo, au kaiba kiustaarabu. Funguo ninazo mimi. Wazazi waliokuja wamepiga makofi.

Darasa la saba hawakupiga. Wamesimama tu kama wako msibani. Rehema, kiranja mkuu, kaniuliza, "Madam, na usiku mtakuwa mnafunga?" Nikamwambia mlango usiofungwa ni wa nini. Akarudi kwa wenzake. Watoto wa siku hizi hawana shukrani. Nimekasirika hadi jioni.

Nimefunga kufuli zote mwenyewe kabla ya magharibi. Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 18 Julai

Mwantumu kachelewa. Hajawahi. Kengele imebidi igongwe na mtu mwingine. Nimemsamehe.

Jumatatu, 21 Julai

Mwenzangu wa zamu anaumwa, nimemshikia. Baridi kali, ya Julai hasa.

Mwantumu kachelewa tena. Kaja watu wako mstarini. Sare imekunjamana, nyasi kwenye nywele. Nilimuuliza alikuwa wapi, hakujibu. Nikasema mbele ya wote kwamba sifa zimempanda kichwani. Fimbo mbili, kiganja kile kile nilichokuwa naandika namba moja. Hakulia. Alirudi kwenye mstari akajipanga.

Mchana darasani hakuna aliyenyoosha kidole, swali lolote. Si kawaida yao.

Jumanne, 22 Julai

Sitaki kuandika leo. Nitaandika hivyo hivyo.

Rehema kanifuata ofisini wakati wa mapumziko. Alisimama mlangoni, hakuingia. Kasema, "Madam, Mwantumu hana kosa. Alikuwa analala darasani. Sasa mmefunga."

Sikuelewa. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Bibi yake, yule aliyekuwa kibarua wa kuanika mkonge, alifariki mwezi wa nne. Tulikwenda walimu wote. Tulitoa rambirambi, tulikula wali, tukarudi. Tanga lilipoanuliwa, ndugu wakaondoka. Chumba cha kambini akapewa kibarua mwingine, maana chumba ni cha mwenye kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mtoto atalala wapi. Mimi niliulizia kama wali una nazi.

Tangu hapo analala darasa la saba. Madawati mawili yaliyosogezwa pamoja. Anafukuza mbuzi, anafagia, anatoka kabla hakujapambazuka, anazunguka nyuma ya uwanja, kisha anakuja langoni kama anayetoka mbali. Namba moja.

Likizo ya Juni nilikuwa kwa dada yangu Chanika, Handeni, nakula na kulala. Yeye alikuwa humu.

Darasa zima lilijua. Darasa la sita pia. Walikuwa wanapokezana kumletea kiporo. Watu wazima tu ndio hatukujua. Nilimuuliza Rehema kwa nini hawakusema. Kasema waliogopa tutamfukuza.

Na tangu Alhamisi? Kibanda cha machungwa, kule barabara kuu, wanakopakilia malori. Anajifunika viroba. Asubuhi anasubiri mwanga kwa sababu ya mbwa, ndiyo maana anachelewa.

Kwenye malori. Msichana wa darasa la saba.

Baada ya masomo nimemchukua kwangu. Kabeba mfuko wake akanifuata. Kalala kitanda cha binti yangu, ambacho tangu binti aolewe kinalaza magunia. Dirisha la chumba changu linatazamana na darasa la saba. Ukitupa jiwe unalipiga. Miezi yote hiyo.

Jumatano, 23 Julai

Nimemweleza mwalimu mkuu. Kavua miwani, kaivaa. Kasema afisa ustawi lazima ajulishwe, na la kwanza litakaloulizwa ni ndugu. Kuna baba mdogo, Bakari, kijijini huko mbele ya Chanika. Mtoto si wangu kumweka nitakavyo. Ni sawa. Nitakwenda Jumamosi peke yangu, nipange naye kwa mazungumzo mazuri jinsi ya kumkabidhi mtoto.

Nilipomwambia Mwantumu, kashuka kwenye kiti kapiga magoti. "Madam, nakuomba usiende Handeni. Nirudishe kwenye kibanda, lakini usiende."

Nimedhani anapigwa huko. Nimelala na hasira na mtu nisiyemjua.

Ijumaa, 25 Julai

Anakula kidogo tu. Anaosha sahani kabla sijamaliza kula. Mtihani ni Septemba. Kwenye mazoezi ya hesabu kawaacha wote mbali. Mtoto aliyesoma kwa mwanga wa mbalamwezi darasani kwangu.

Kaniomba tena nisiende. Nimemwambia mambo ya watu wazima ayaache. Maneno hayo nimeyasema kwa ukali, sauti ile ile ya Jumatatu.

Jumamosi, 26 Julai

Niko kwa dada, Chanika. Wamelala. Mimi siwezi.

Nimefika kwa Bakari kwa bodaboda. Nyumba ya udongo, vyumba viwili, mahindi yameanikwa uani. Nilikuwa nimejipanga. Maneno makali yalikuwa tayari mdomoni.

Kanitazama. Kauliza, "Wewe ndiye Madam Mwanaisha?" Nikasema ndimi. Akaamka, akanishika mikono yote miwili. "Shikamoo, mwalimu. Shikamoo." Akamwita mkewe. Mkewe kaja mbio na mikono ya unga, karibu anisujudie. Nimewekewa kiti pekee kilichopo.

Wamenishukuru.

Wamenishukuru kwa kumlea mtoto wao. Tangu mwezi wa nne. Walitaka kumchukua baada ya msiba, kasema Bakari, ila mtoto aliwaambia Madam Mwanaisha kamchukua, anakaa kwake nyumba ya walimu mpaka amalize shule. Amewahi kuja mara moja, likizo, siku mbili tu, akasema Madam hapendi akae sana nje ya nyumba.



Mkewe ndiye aliyeendelea. Kasema mtoto anawasimulia. Kwamba ninamchemshia maji ya kuoga. Kwamba sikubali alale hajala. Kwamba nikiosha vyombo naimba kaswida, na redio naizima baada ya taarifa ya habari. Wakatazamana na mumewe, wakacheka kidogo. "Anasema unakoroma, mwalimu. Utusamehe."

Kaswida ni kweli. Redio ni kweli. Kukoroma ni kweli, marehemu mume wangu alikuwa analalamika. Maji ya kuoga na chakula si kweli. Alikuwa amelala juu ya madawati, ng'ambo ya dirisha, ananisikiliza. Alichosikia kakichukua, ambacho hakukipata kakijaza mwenyewe.

Ndiyo maana alipiga magoti.

Binti wa Bakari, umri ule ule, alikuwa anapukuchua mahindi na mdogo wake mgongoni. Kaacha shule. Bakari kasema mwenyewe, bila kuficha, na macho chini. Vyumba viwili, watu tisa. Mvua zimekuwa za kubahatisha. Kama mimi nimechoka kumlea wataelewa, kasema, watamchukua hata kesho. Kesho, yaani huyu naye apukuchue mahindi, na Septemba ipite.

Nilikuja kusema, mchukueni mtoto wenu. Ningeweza pia kusema ukweli. Vyote viwili vilikuwa mdomoni.

Nikasema, "Sijachoka."

Wamenipa jogoo na madebe mawili ya mahindi mapya. Walikuwa wameniwekea tangu wavune, wanasubiri mtu wa kuleta. Nimepokea. Nimepokea shukrani ya kazi ambayo sijaifanya, kwa watu wasio na chakula cha kutosha, na nimesema asanteni.

Dada kaniuliza jogoo wa nini. Nikasema zawadi. Kasema watu wa huku wana moyo. Nimelia, kadhani nimechoka na safari.

Jumapili, 27 Julai

Nimerudi. Mwantumu alikuwa amekaa nje ya mlango, mfuko wake umefungwa, tayari. Kamwona jogoo. Alimtambua, kumbe ni jogoo wa bibi yake, aliyechukuliwa na ndugu baada ya msiba. Kaelewa kila kitu papo hapo, akaukumbatia mfuko wake.

Nikamwambia baba mdogo anamsalimia. Nikamwambia kule wanajua anaishi kwangu, na mimi nimesema ndivyo ilivyo.

Nikachemsha maji ya kuoga. Ndoo nzima.

Jumatano, 30 Julai

Afisa ustawi kaja, mama mmoja mpole asiyechekacheka. Kampigia Bakari, kaongea na mtoto peke yake, kakagua chumba, kainua hata godoro. Kaniuliza kwa nini nataka kukaa naye. Nikasema nina nafasi. Si jibu zuri, lakini ndilo nililoweza. Atakuwa anakuja kututazama. Mwantumu anabaki.

Kabla hajaondoka kaniuliza kama wapo wengine. Nikasema sidhani. Akaniambia niwaulize watoto, nisiwaulize walimu.

Nimemwita Rehema. Kanitazama sana, ananipima. Kisha kataja jina la pili, la mtoto wa darasa la nne.

Ijumaa, 1 Agosti

Huyo wa darasa la nne analala kwa rafiki huyu leo, kwa rafiki yule kesho. Kila nyumba inadhani amekuja kutembea tu. Mama yake alikwenda kutafuta kazi, hajarudi. Afisa kachukua suala hilo. Mimi nimekaa darasani nawaangalia, vichwa vimeinamia daftari. Miaka yote hii nafundisha watoto hawa. Najua nani hajui kugawanya. Sijui nani anarudi wapi.

Jumanne, 5 Agosti

Zamu imenirudia mapema. Tuko wachache, na yule mwenzangu bado anaumwa.

Tangu aje, kila nikiamka namkuta kashavaa sare, kakaa ukingoni mwa kitanda gizani, mfuko mapajani, viatu miguuni. Hata Jumapili. Amezoea kutoka kabla hajaonekana. Nilimwambia hapa hakuna wa kumkimbia. Akaitikia, na kesho yake kakaa vile vile. Nikaacha kusema, nikawa namwekea chai.

Jana jioni nilimuuliza kama kweli nakoroma. Kasema, "Nimeshazoea, Madam."

Leo nimeamka, ukingoni mwa kitanda hakuna mtu. Nikawasha taa. Yumo. Kalala chali, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia. Sare iko kwenye msumari.

Nikazima taa.

Kumepambazuka sasa. Nasikia watoto langoni, wanagombana nani kafika kwanza, na wa kuwaandikia hayupo. Kengele imegongwa. Ni Rehema, maana inagongwa kwa hasira. Mwalimu mkuu atakuja kuniulizia.

Chai yake nimeifunika na sahani. Tutachelewa wote wawili.