Shujaa Tuliyemtunga Masika

Kwako mwenzangu Haji,

Masika yameingia. Hoteli za Kiwengwa zishafungwa, wapishi wenzako wamerudi makwao, na jana nilimsikia jirani yetu akimgombeza mumewe kwa kushinda nyumbani kutwa na kumjazia chumba. Nilimwonea wivu, wallahi. Nilitamani niteremke nimwambie, "Mwache ajaze, shoga."

Masika yalikuwa yetu. Wengine wakilalamika kazi hakuna, sisi tukishukuru kimoyomoyo, maana miezi mingine yote ulikuwa mali ya jiko la hoteli. Ukiondoka na vespa alfajiri, ukirudi unanuka vitunguu thomu. Mvua ikianza tu, na mimi nikawa na mume. Ukikaa juu ya busati unamenya mihogo, mimi nina kompyuta yangu mapajani, na paa linavuja pale pale pa siku zote. Ndipo alipozaliwa Bi Naam.

Mchapishaji alikuwa anataka hadithi ya watoto, ya shujaa mwenye nguvu za ajabu. Nikaanza na kijana anayeruka juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka.

"Huyo akiruka na mvua hii si atarowa?"

"Shujaa harowi, Haji."

"Basi mie simtaki. Asorowa mvua atajua nini shida za watu?"

Tulibishana siku nzima, ukashinda wewe, maana ubishi wenu Watumbatu hauna dawa. Shujaa wetu akawa mwanamke mtu mzima, mnene, muuza masufuria wa Mlandege, anayeumwa magoti. Uwezo wake ni mmoja tu: mtu yeyote kisiwani akimwita kwa shida, anamsikia, anaitika "Naam," na keshafika. Akifika hana upanga wala moto wa machoni. Anafanya lile ambalo mtu yeyote angelifanya, ila yeye amewahi.

"Watu hawakosi nguvu," uliniambia. "Wanakosa mtu wa kuwahi."

Masika yaliyofuata tukamzungusha kisiwa kizima. Tulimpeleka Mangapwani kuwatoa watoto waliopotea pangoni, nikaandika kwamba pango liling'aa kwa nuru yake. Ukasema, "Nuru ya nini? Mpe tochi." Nikampa tochi, na sura ile ikawa nzuri kuliko zote, Mungu wangu, hata kukusifu nilikuonea choyo. Kipupwe kikaingia, hoteli ikafunguliwa, ukarudi jikoni. Ilibaki sura ya mwisho. Tukasema tutaimaliza masika yajayo, inshaallah.

Vuli ikakuchukua. Mvua ya asubuhi, barabara ya Kiwengwa, vespa ikateleza, na gari la mchanga lilikuwa nyuma yako. Waliofika mwanzo walisema walikusikia kwa mbali unaita, lakini walipokufikia ulikuwa ushanyamaza. Hilo ndilo linalonikata mpaka leo. Uliita, na hakuwahi mtu.

Nikaingia eda. Watu walikuja, wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Haina, nami sikuitafutia makosa, nilikuwa nakutaka wewe tu. Sitoki, sijipambi, sijifukizi udi. Lakini kuandika hakuna aliyenikataza. Kaskazi yote, joto limebana hata ukuta unatoa jasho, nilikuwa naandika sura ya mwisho. Bi Naam yuko dukani Mlandege anapangusa masufuria. Anasikia sauti yako. "Naam!" Keshafika. Anakuvuta kando, gari linapita, vespa inapondeka, na wewe unasimama unajikung'uta matope.

Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. Unasimama, lakini husemi. Kila neno nililokutia mdomoni lilikuwa langu, si lako. Nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Nilikuokoa mpaka nikachoka, na kila nikiinua macho, ndara zako ziko mlangoni vile vile, hazijaguswa.

Dada yako Mwanaidi, aliyekaa nami eda nzima, ndiye aliyenikuta siku moja nalia juu ya kompyuta. Akasoma.

"Wifi, unamrudisha?"

"Nnamrudisha."

"Astaghfirullah. Mtu keshazikwa!"

"Kazikwa na nani?" Nilimpandia juu, masikini, hakunikosea kitu. "Wanaume ndio waliomzika. Mie na wewe tulikuwa wapi siku hiyo?"

Alikaa kitako kitandani. "Tulikuwa hapa dirishani," alisema.

Ndiyo, Haji. Kwetu wanawake hawafuati jeneza, nawe unajua. Kwenye misiba ya watu wengine wala sikuwahi kulifikiria hilo. Walipokutoa niliona kofia tu, na kitambaa cha kijani, na sauti za tahalili, kisha uchochoro ukapinda. Wao wakakupeleka kwenu Mkokotoni, mimi nikabaki nabembelezwa ninywe uji. Tangu siku hiyo kwangu mimi ulikuwa umesimama pale penye kona. Hujafika popote.

Nikaifuta sura yote, nikaandika nyingine. Mchapishaji asipoitaka, shauri yake. Mashekhe nao wanisamehe.

Safari hii Bi Naam anachelewa. Hajapata kuchelewa maishani mwake, lakini anafika barabarani ushafunikwa shuka. Anayemwita sasa ni mimi, kutoka dirishani. Anajipenyeza baina ya wanaume, hapana anayemwona, na analiwekea jeneza bega. Huko Mkokotoni wenzake wanapokezana jeneza. Yeye hampi mtu, na magoti yanamuuma. Anashuka kaburini, anakulaza kwa ubavu wa kulia, anakuelekeza kibla. Anatia udongo kwa mikono yake. Kisha anapanda ngazi zetu, kucha zimejaa mchanga mwekundu, anakaa mbele yangu na kunihadithia yote bila kuruka kitu.

Eda imekwisha. Mwanaidi alinikogesha, wanawake wakaja na udi na nguo mpya, wakanishika mkono mpaka nje. Waliporudi makwao nilimsomea Mwanaidi sura ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu.

"Kichwa alimshika?"

"Alimshika, wifi. Kwa mikono miwili."

"Ahsante," alisema, akajifunika uso kwa mtandio, akalia kilio ambacho sikukisikia kwake hata siku ya msiba.

Nilidhani nikiimaliza nitapata nafuu. Sikupata. Imeniuma zaidi, maana mtu aliye kwenye kona huenda akarudi, na sasa siwezi tena kujidanganya. Sikusikilizii vespa. Ndara zako nimezitoa mlangoni nimempa Mwanaidi aende nazo Mkokotoni. Ila nikiomba dua sasa najua naielekeza wapi, na wewe najua ulilazwa vizuri.

Nimekuzika, Haji. Nimechelewa, lakini nimekuzika.

Mkeo, eda imekwisha na bado mkeo.