Taa Moja ni Tamaa

Jumatano, 9 Agosti 1995

Mbalamwezi. Taa haivuti samaki, wavuvi hawaendi ziwani, pwani nzima imejaa nyavu za kushona, na mimi leo nimeliona jina langu kwenye jarida la Ulaya. Limefika kwa ndege ya Lubumbashi. Profesa ameliacha wazi juu ya meza ya biro, ofisini kwetu. Makusudi au uzembe, sijui.

Makala inahusu mtandao wa redio usio na mkubwa, wa kuonya upepo kwenye Ziwa Tanganyika. Mwandishi: Profesa Télesphore. Peke yake. Mimi niko mwisho kabisa, kwenye shukrani, baada ya dereva. “Na Mademoiselle Alphonsine, kwa moyo wake mwema.”

Moyo mwema! Posti zote tano zimetoka mikononi mwangu: hapa Kalemie, Rasi, Zongwe, Moba, na Pepa kule juu milimani kwenye ng'ombe. Kila posti ina vikombe vinavyozungushwa na upepo, redio ndogo na batri. Hakuna posti inayoiamuru nyingine. Kila moja inasikia majirani zake tu. Ikihisi upepo mkali, inasema. Isipohisi kitu, inasikiliza: jirani mmoja akisema upepo, haimwamini, wakisema wawili, nayo inasema. King'ora cha pwani kinalia kwa njia hiyo hiyo, Rasi na Zongwe zikisema pamoja. Pepa tu haina cha kurudia. Iko mwisho, ina jirani mmoja, kwa hiyo inasema kile inachohisi yenyewe na basi.

Kanuni hiyo haikutoka chuoni. Ilitoka kwa marehemu baba. Mtumbwi ukihisi upepo unakuja, mvuvi anafunika karabai kwa kofia na kuifunua, ili wenzake wageuze. Lakini wavuvi ni watu. Kuna anayekuta ndagala wengi, wale dagaa wa taa, anafunika taa wenzake wakimbie, abaki na samaki peke yake. Kwa hiyo hakuna anayegeuza kwa taa ya mtu mmoja. Taa moja ni tamaa, taa mbili ni upepo. Baba alitufundisha hivyo mimi na kaka Siméon tungali wadogo. Nilimwambia Profesa kwa kinywa changu, naye anamenya ndizi. Sasa ni uvumbuzi wake.

Huzuni sina. Nataka aumie.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimemwendea. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu jana. Alinisikiliza akichovya mkate kwenye chai, kisha akasema kwa upole kwamba katika sayansi mawazo hayana mwenyewe. Akacheka kidogo. Mtandao wetu hauna mkubwa, akasema, sasa wewe unatafuta ukubwa wa nini?

Nikasema ndiyo, Profesa. Nikamwongezea chai!

Najichukia kwa chai ile kuliko kwa kitu kingine chochote.

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani, mahubiri juu ya kusamehe saba mara sabini. Nilimtazama Profesa kisogo muda wote. Shingo imenona.

Mchana Siméon na Bertille mkewe wamekuja kula. Siméon amekuja na ile injini yake begani, hataki kuiacha pwani, anasema wataiiba. Nani aibe kitu kile? Inakohoa mara mbili kila inapowashwa, kama mzee wa kifua, ndipo inashika. Nilimweleza habari ya jarida. Nikamwambia mwezi huu hautaisha kabla sijamtia haya mtu yule mbele za watu. Bertille akasema niache, Mungu anaona. Najua anaona. Mimi nataka na watu waone.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Biro imefungwa, lakini Profesa ametuita. Wageni watafika Alhamisi ya wiki ijayo: wakubwa kutoka Kinshasa na mzungu wa mradi. Mwezi utakuwa umekwisha, mitumbwi yote itakuwa inaenda kwenye ndagala. Anataka wageni wasimame pwani jioni, waone wavuvi wakisikiliza king'ora. King'ora kimya, mitumbwi inaondoka. Amefurahi mpaka amesahau kunisema kwa kuchelewa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikicheka peke yangu. Dawa ya moto ni moto.

Alhamisi, 17 Agosti

Zongwe. Nimekwenda na Urbain, motoriste wetu anayeendesha injini, kwa mtumbwi wa mradi. Sababu niliyoandika: kubadilisha batri. Na batri nimebadilisha. Lakini nimebadilisha na ile chipu ndogo yenye kanuni. Mpya nimeitengeneza mwenyewe nyumbani. Itafanya kazi vizuri mpaka Alhamisi ijayo saa kumi na nusu ya jioni. Tangu hapo itasema upepo, hata ziwa likilala.

Posti moja haitoshi. Kanuni yangu haidanganywi na mwongo mmoja, na hilo nilijivunia siku zote. Inataka waongo wawili. Kesho Rasi.

Wakati nafunga sanduku alikuja Mama Rosalie, mumewe alizama zamani. Akanipa samaki wakavu kwenye majani. “Mwanangu, Mungu abariki hii mikono. Tangu ile mashini ifike, kiangazi hiki hatujalia muntu.” Nilipokea kwa hiyo mikono.

Nimefikiri sana. Hakuna atakayeumia. King'ora kitalia bure, watu watakaa pwani, watakosa samaki wa siku moja. Siméon nitamnunulia bia. Profesa atasimama mbele ya wageni, mbingu nyeupe, ziwa limetulia, king'ora kinapiga kelele, naye hajui hata aanzie posti gani. Atageuka kunitafuta kwa macho. Nami nitakuwa naangalia ndege!

Ijumaa, 18 Agosti

Rasi pia. Basi.

Jumatatu, 21 Agosti

Profesa anajifunza hotuba. Amekuja kuniuliza ule msemo wa wavuvi unakwendaje vile. Anasema taa moja ni upepo, taa mbili ni tamaa. Sikumsahihisha. Akauliza tena, huku anajifuta jasho, mtandao unaweza kweli kukosea siku ile? Nikamwambia hauwezi, Profesa, umeandika mwenyewe kwenye makala. Akafurahi. Kidogo nimwonee huruma, halafu nikakumbuka moyo mwema.

Alhamisi, 24 Agosti, asubuhi

Nimevaa kikwembe cha sherehe, kitenge kile cha samaki wa bluu. Ziwa limelala kama mafuta kwenye sahani. Siku nzuri namna hii hata kwa kuomba nisingeipata.

Alhamisi, jioni, jua bado lipo

Niandike upesi. Niandike kwa mpango.

Wageni walifika pwani saa kumi. Viti, parasoli ya kivuli, soda. Mitumbwi imepangwa, wavuvi wamevaa mashati safi. Profesa alikuwa katikati ya hotuba king'ora kilipolia. Wageni wakatazama mbingu. Mzungu akalowesha kidole, akakiinua, hakuna kitu, hata parasoli haikutikisika. Mmoja wa Kinshasa akacheka, wote wakacheka. Profesa akapekua karatasi zake. Akanitafuta kwa macho! Nami nikaangalia ndege, kama nilivyoahidi. Utamu wake siwezi kuuandika.

Ningeijua akili yake ningetetemeka. Mtu akishavuliwa nguo mbele za watu anavaa chochote anachokiona. Alienda mwenyewe akakata waya wa king'ora, akarudi, akawaambia wavuvi kwa sauti ya kanisani: posti mbili zimeugua, mashini ni chombo tu, lakini yeye ni mwanasayansi, na anawapa neno lake ziwa ni salama. Waende. Wageni wakapiga makofi. Wavuvi nao wakapiga makofi.

Bado sikuona ubaya. Nilisema moyoni, mjinga, hata kwa kubahatisha amepata. Nikapanda biro nikacheke vizuri peke yangu.

Kwenye ubao wa biro, unaosikia posti zote bila kuamuru yoyote, kila posti ina kitaa chake chekundu. Zongwe, nyekundu. Mwongo wangu wa kwanza. Rasi, nyekundu. Wa pili. Moba, nyekundu. Na Pepa.

Pepa sijaigusa. Pepa haisikii Zongwe wala Rasi, ina Moba tu, haiwezi kurudia neno la mtu. Kule juu vikombe vinazunguka kweli. Na upepo mkali wa Pepa, kiangazi hiki chote, umekuwa ukitufikia jua likishazama, mitumbwi ikiwa katikati ya maji na taa zimewaka.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kimebaki njiani. Siméon alikuwa anafunga injini. Nikamwambia asiende, Pepa inasema upepo.

“Pepa njo posti moja. Baba alisema nini juu ya taa moja?”

Nikamwambia hii ni tofauti. Wenzake wakasogea kusikiliza.

“Weye ulisema kwa mudomo wako, mwezi huu utamutia haya ule muntu. Leo yeye anatuambia twende, weye unatuambia tubaki. Hii haiko upepo, Alphonsine. Hii iko hasira yako.”

Nilitaka kusema mbele yao kwamba Zongwe na Rasi nimezidanganyisha mimi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nikisema mbili zinadanganya, nani ataamini ya tatu? Urbain alijaribu kunitetea. Wakamwambia yeye na mimi tunakula sahani moja, taa mbili za nyumba moja ni taa moja. Ni kweli. Ndivyo inavyohesabiwa.

Siméon hakukasirika. Alinishika bega. “Yeye njo alisema twende. Yeye akuje aseme turudi, tutarudi. Weye pekee, hapana.”

Kwa hiyo taa ya pili ni Profesa. Kati ya watu wote wa Kalemie.

Niko kwenye benchi mbele ya nyumba ya wageni. Planton, tarishi wa mlangoni, ameingia mara mbili kumwambia Profesa ni habari ya posti, ni haraka. Jibu: Mademoiselle angoje, wageni wanakula. Ningeweza kusukuma mlango nikapiga kelele. Lakini nikimwaibisha tena mbele yao atakataa hata nikimwonyesha mawimbi, ninamjua. Lazima atoke, lazima nimwambie polepole, lazima atake mwenyewe kushuka pwani. Ndiyo maana naandika, niyapange maneno.

Profesa, posti hazikuugua. Nilizifanya mimi.

Baada ya sentensi hiyo kila kitu ni chake. Jina, mtandao, kazi yangu, na sababu nzuri ya kuwaambia wageni kwa nini king'ora kililia. Nitamkabidhi kwa mikono hii yenye baraka. Na bado namchukia, hilo halijapungua hata kidogo. Naweza kumchukia na kumpigia magoti kwa wakati mmoja, sikujua kwamba inawezekana.

Majani ya mnazi wa uani yameanza kutikisika. Kidogo tu. Labda ni mimi.

Vijiko ndani. Wanacheka. Mtu anasukuma kiti nyuma, nafikiri ni yeye, nazijua hatua zake.

Chini pwani wanawasha injini, moja moja. Ya Siméon naitambua kati ya zote.

Imekohoa mara moja. Ikikohoa tena, imeshika.