Mswaki wa Somo Yako

Mama mpenzi,

Sasa hivi tu somo yako, huyu mwanangu, amenipaka rangi nyeupe puani, akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo maana karatasi ina doa. Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi wazima. Huyu meno yamefika manane, na kila kitu anakipiga mswaki, hadi kandambili zangu.

Nilikwambia nipo kwenye majaribio katika karakana ya vifaru vidogo vya vita, vile vya kupamba kabati, kimoja kinaenea kiganjani. Tunavipaka kijani, halafu juu yake nyeupe ya maji, kwa sababu askari wa nchi za baridi walivipaka hivyo vifaru vyao vifichike kwenye theluji. Lakini hiyo nyeupe lazima ionekane imechakaa, imebanduka kwa mvua na buti. Hapo ndipo nilipokwama. Fundi mkuu alisema rangi yangu imetandikwa kama shuka la hotelini, hakuna askari aliyewahi kupanda humo. Akasema nikishindwa hadi leo, tuagane kwa wema.

Juzi nilirudi na kimoja nyumbani, nikakiacha kando ya beseni. Kesho yake nikakipeleka. Fundi akakigeuzageuza, akavaa miwani, kisha akasema hiki kimetoka vitani. Akauliza nimefanyaje. Nikajibu ni mkono tu, fundi. Wenzangu wakaanza kuniita Jenerali.

Mama, haukuwa mkono wangu. Somo yako alikipiga mswaki wenye maji, akasugua kingo na kifuniko cha juu, pale vidole vyake vinaposhika. Nilikikuta hivyo asubuhi, nikalia, nikakipeleka kwa kuwa sikuwa na kingine. Leo fundi anataka niwaonyeshe wote, ndipo aamue. Nimejaribu vinne kwa mswaki uleule. Viwili vimetoka karibu sawa, nilipokumbuka kusugua pale tu ambapo mtu angeshika akipanda. Kwa hiyo naweza kunyamaza nikapita. Lakini uongo wa jana sitaki kuubeba, ndiyo maana nimekuja naye, yuko miguuni pangu na mswaki wake.

Nisalimie wote hapo, Baba hasa, na goti ulikande kwa maji ya moto. Fundi ananiita, anasema Jenerali njoo, watu wamekaa. Ngoja nimbebe huyu kwanza, Mama, nikamwambie fundi mbele ya wote kwamba mwenye mkono ni huyu.