Ndoo Aliyoibeba Gidamis

Basotu, Hanang

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Kwanza nakuulizia goti lako, maana mdogo wangu Oliva aliniambia baridi ya Nambis mwaka huu imelisumbua tena, na hata kanisani unashikwa mkono. Natumaini dawa ya kuchua imekufikia. Maharage yamekubali? Mimi ni mzima. Mkono wa kushoto bado umevimba, ila ninaoandikia hauna neno.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Haya nataka uyasome umekaa, peke yako, na ukifika pagumu uweke karatasi chini upumzike.

Najua umeshasikia kwamba kaka Renatus yuko mahabusu Katesh kwa kifo cha mzee Gidamis, mfugaji wa huku. Uliyoambiwa na wifi Konsolata si yote.

Unakumbuka ulivyocheka niliposema naenda pwani kusomea viumbe wasioonekana kwa macho. Wanaitwa planktoni, Mama. Wanaelea majini bila nguvu ya kushindana na mkondo. Maji yakienda, nao wanakwenda. Wengine ni kama mimea, wanaishi kwa mwanga wa jua. Wengine ni wanyama wadogo wanaowala hao, na samaki huwala wote. Bahari nzima inalishwa nao. Mradi uliponileta kupima ziwa dogo la huku Basotu niliwakuta hapa pia, mbali kabisa na bahari, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Nilikaa kwa Renatus. Kila asubuhi alinipakia kwenye mtumbwi wake, nikavuta wavu wangu mwembamba, nikashusha sahani nyeupe kwa kamba kuona inapotea kwenye kina gani. Alinitania kwamba mimi ni mvuvi nisiyeleta mboga.

Mwaka huu mvua za kwanza zilikuja kwa fujo. Zilifagia samadi ya malisho na mbolea ya mashamba hadi ziwani, kisha jua likawaka na upepo ukalala. Kwa planktoni hiyo ni karamu: chakula kingi, mwanga mwingi, maji yaliyotulia. Aina moja, ile ya kijani kibluu, ikazaana mpaka ziwa likawa kama limemwagiwa rangi. Sahani yangu ilipotea kabla maji hayajanifika kiwikoni. Nikaogopa, maana aina hiyo inaweza kuwa na sumu, na wakifa wengi kwa pamoja, kuoza kwao humaliza hewa ambayo samaki wanapumua. Nilimweleza mwenyekiti wa kijiji azuie watu na mifugo. Akasema atatangaza baada ya mnada.

Kabla ya mnada samaki walielea matumbo juu, ziwa zima. Ng'ombe wa Gidamis walikuwa wameshakunywa upande ule upepo mdogo wa usiku ulikosukumia utando wa kijani. Walianza kutetemeka, miguu ikakunjika, wakaanguka kwa vifua huku povu likiwatoka puani. Ndama mmoja alilia shingo imepinda hadi mgongoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kummalizia.

Vijana wa wafugaji wakasema wavuvi wametia sumu ya kuulia samaki. Wavuvi wakasema wafugaji wamemwaga dawa ya josho. Kila upande ulikuwa na mizoga ya kuonyesha. Yoakimu, jirani wa Renatus, alipigwa rungu taya likavunjika. Nilimwona akitema meno kiganjani. Wavuvi nao wakamkamata mchungaji mmoja, wakamburuta juu ya mawe, wakamkata sikio. Kesho yake mitumbwi ikachomwa. Renatus alijaribu kuuzima wake kwa mikono mitupu, na ngozi ya viganja ikabaki kwenye mbao. Nilipokuwa namvuta, fimbo ya mtu nisiyemwona ikanivunja mkono.

Nikamchukua mtu wa kunibebea hadubini yangu na ndoo ya maji ya ziwa hadi bomani kwa Gidamis, naye kwa hofu akageukia mlangoni. Nilimwamkia, akaniitikia, ingawa wanawe hawakunitazama. Nilimwekea tone la maji ya ziwa. Aliinama akaangalia muda mrefu sana. Akaniuliza hawa wadogo ni wa nani. Nikamwambia hawana mwenyewe. Wameletwa na mvua, na samadi ya ng'ombe wake, na mbolea ya mashamba yetu. Akasema, "Basi hakuna wa kumpiga."

Akaamua kushuka nami ziwani awaeleze watu mwenyewe, kwa sababu mzee aliyefiwa na ng'ombe angesikilizwa kuliko msichana wa mradi. Mkuki wake aliuacha ukutani mbele ya mke wake, hata fimbo hakuchukua, ili asieleweke vibaya. Alibeba ndoo yangu ya maji ya kijani, kwa kuwa mkono wangu haukuweza.

Tulikutana na wavuvi njiani wakipanda. Renatus alikuwa mbele, viganja vimefungwa vitambaa, panga mkononi. Nilimwita kwa jina lake. Gidamis akainua ndoo waone. Renatus akamkata shingoni, Mama. Alipoanguka akamkata tena, na tena, na mimi nimeshika shati lake nikilia. Alimfahamu. Gidamis alikuwa amekula kwenye nyumba yake.

Wenzake walitawanyika. Renatus akachuchumaa karibu yangu, damu imemfika viwikoni, akasema, "Perpetua, sema alikuwa na mkuki. Sema hivyo tu, nirudi nyumbani."

Konsolata ameniambia kwamba kwenye jumuiya umeomba wote wasali ili Mungu aufunge mdomo wa huyo shahidi wa polisi. Mama, shahidi huyo ni mimi. Niliwaambia kwamba mzee alikuwa na ndoo, na ndoo ilikuwa yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Mahakamani nitasema hivyo hivyo. Ningesema mkuki, mjane wake angeitwa mwongo, wanawe wangekuja na mikuki ya kweli, na Renatus angerudi kuishi kati yao kana kwamba alichofanya ni haki. Nampenda kaka yangu. Sikuweza.

Hataki kuniona. Nilimpelekea ugali na maziwa, vikarudi kama vilivyokwenda. Kutoka kwako atapokea. Nakuomba umpelekee sweta, mahabusu kuna baridi. Chagua la kuvaa kwa kichwani, la vifungo hataliweza kwa sasa. Viganja vyake havijapona na hatamwambia mtu. Ukija Katesh, mwambie Oliva anijulishe siku, ili nisisimame mlangoni ukashindwa kupita.

Nisalimie Oliva na baba mdogo Basili. Waambie watoto shangazi yao anawakumbuka. Mungu akutunze, na alitazame goti lako.

Mwanao,
Perpetua