Salvia za Ezron

Happy usipige, andika tu. Siwezi kuongea.

Bado nipo Vwawa kwa Jenista. Mume wake Ezron tumemzika jana.

Leo asubuhi kina mama tulianza kusafisha uwanja, si unajua mfiwa hagusi ufagio. Yeye yuko ndani, mkekani. Pale mbele jua linapopiga kulikuwa na mistari ya majani makavu, tukajua magugu. Nikaanza mimi na jembe. Tukang'oa, tukachoma.

Zilikuwa salvia, Happy. Yale maua mekundu ya Ezron.

Jenista akatoka kunawa, akauona moto. Hakulia. Akauliza, "Mmechoma zote?"



Akasema Ezron alimwagiza akiwa kitandani, asizikate, zikaukie palepale juani mpaka mbegu zikomae, azipande mvua zikianza.

"Mmechoma zote?" Akauliza tena, sauti ileile. Halafu akasema, "Asanteni, uwanja umependeza." Akarudi mkekani.

Jembe bado ninalo mkononi.

Wewe ulipohamia Tunduma Ezron alikupa mbegu za salvia zake kwenye bahasha. Niambie tu kama ulipanda.