Jina la Mama Halikuzikwa

Songea

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natamka tangu mwanzo ninachokitetea: mama yangu ni Mama Elibariki, na kifo cha kaka yangu Elibariki hakikumpa yeyote mamlaka ya kumbadilisha jina. Nimelitanguliza hilo kabla ya kukuuliza hali ya mgongo wako na mahindi ya shamba lako la Mutuka. Unisamehe, sikulelewa hivyo.

Mimi ni mzima. Mchana nafundisha, jioni naandika riwaya juu ya nyumba yetu baada ya msiba. Uliposikia kwamba humo mama anaitwa kwa jina la marehemu, ulinipigia simu: "Futa hilo. Tumekubaliana aitwe kwa jina lako, Mama Tumaini. Kwani wewe si mtoto wake?"

Ni mtoto wake. Ndiyo maana nilikuwa naye sokoni nilipokuja likizo. Shangazi alimwita "Mama Tumaini!" mara tatu, mama akaendelea kuchambua maharage. Shangazi akacheka kwa aibu: "Wifi, masikio umeyaacha makaburini?" Hapo muuza maharage, asiyejua makubaliano yenu, akapaza sauti:

"Mama Elibariki, debe lako hili!"

"Abee!" Mama akageuka. Hakulia, Baba Mkubwa. Alilitazama debe, akashika kiuno: "Hili ndilo debe? Litikise maharage yashuke, ujaze tena!" Tangu tulipozika, sikuwa nimemsikia akigombana na mtu.

Mnasema jina hilo linamkumbusha. Hajasahau hata akumbushwe! Linatuumiza sisi, nasi tumemvua yeye jina lake ili tupumzike, kisha tukaita huko kusonga mbele. Nami nilizaliwa wa pili. Sikubali kurithishwa nafasi ya kaka kana kwamba ni koti lake. Katika riwaya sitafuta hata herufi moja.

Msalimie Shangazi, asininunie. Msalimie Mama Mkubwa, aliyelala sakafuni na mama siku zote za matanga; wema huo sijausahau hata ninapobishana nawe.

Jumamosi ya kuweka msalaba kaburini nitakuwepo nyumbani Nakwa, na ukoo wote utakuwepo. Wewe ndiye msemaji wetu, kwa hiyo usinijibu kwa simu wala kwa kumtuma mtu. Simama mbele yao, umwite mama yangu aje aweke shada la kwanza, na umwite kwa jina ambalo uko tayari kulitetea pale pale, mimi nikikusikiliza.

Mwanao, kwa heshima na kwa ubishi,
Tumaini